Filta ya Kupuliza

Jumamosi, usiku

Hata kutupa udongo kaburini sikuwahi. Shangazi aliyenilea amezikwa leo kule kijijini Mpui, mimi nikiwa nimekaa kando ya barabara namtazama mume wangu akipuliza filta ya mafuta kwa mdomo.

Pikipiki inazima kila ikipanda mlima, tangu mwezi uliopita. Fundi alimwambia, "Filta imeshakuwa nyeusi hii, weka mpya." Wapi! Yeye na wenzake wa kijiweni ni kuichomoa, kuigeuza, kuipuliza na kuirudisha. Na petroli yenyewe ya kwenye chupa, imejaa takataka. Filta mpya hakununua. Akanunua kava la siti, jekundu, lenye nyuzi za kuning'inia.

Leo kapuliza, ikawaka, ikazima. Kapuliza tena. Nikamwambia, "Baba Neema, mazishi hayatusubiri."

"Tulia mama, sasa inapumua."

Tumefika kaburi limeshafunikwa, watu wananawa mikono. Nikalia nimesimama.

"Mafuta ya siku hizi mabaya sana," akawaambia wanaume pale msibani. Wakampa pole. Yeye!

Mmoja akaipapasa siti, akasema imependeza.