Sahani Uliyoiacha Coventry Road

Mwanangu Rukia,

Jumapili uliponipigia kutoka Glasgow tulisalimiana, tukaulizana hali ya hewa, tukaagana. Nilikuwa na neno, likanishinda kwa mdomo. Nakuandikia.

Unaikumbuka likizo ile ya kiangazi, ulipokuwa na miaka kumi? Ulileta barua kutoka skuli: serikali italisha watoto wakati skuli zimefungwa, mzazi ajaze fomu tu. Niliichana mbele yako. "Sisi si ombaomba," nilisema. Baba yako alikuwa ameshatuacha, mimi nafagia ghala Tyseley, na mchana nakuachia mkate na chai ya chupa. Nilijua havikutoshi. Niliogopa Wazanzibari wenzetu wa mtaa wetu, Small Heath, watasema nini.

Kumbe ukienda kwenye ukumbi walikolishwa watoto, Coventry Road, pamoja na watoto wa jirani. Siku niliyotoka kazini mapema nilikuona dirishani, unacheka, sahani ya wali na kuku mbele yako. Nikaingia, nikakushika mkono. Yule mama wa Kisomali aliyekuwa akipakua akaniambia kwa Kiswahili cha Mombasa, "Dada, mwache amalize. Chakula ni cha watoto wote."

"Wangu hana njaa," nikamjibu, nikakutoa nje, sahani ikabaki mezani.

Tulipofika mlangoni ndipo uliposema, polepole, "Mama, mimi nina njaa." Nikakwambia unyamaze.

Ukanyamaza kweli. Tangu siku ile hukuniomba tena chakula, wala viatu, wala ushauri. Nikawa najisifu kwa watu: binti yangu hana usumbufu. Ulipokwenda chuo ulifungasha peke yako, nami nikadhani ndio utu uzima.

Juma lililopita jirani mpya, mama kutoka Kenya, alinijia na barua kama ile. Nikamsaidia kujaza. Alipouliza, "Na aibu je?" nikamsimulia habari yako yote. Alinisikiliza, kisha akaniuliza, "Na ulimwomba radhi?"

Neno hilo ndilo lililonishinda Jumapili.

Niwie radhi, Rukia. Nilikuona una njaa, nikachagua heshima yangu. Usijilazimishe kunijibu kwa upole. Ukiwa na hasira, piga simu unigombeze, hata kama itachukua siku nzima. Nitakaa nikusikilize.

Mama yako