Sentimita Zilizoshuka Njia ya Kigongo

Mpendwa shemeji Maduhu,

Nimechelewa kukuandikia kwa zaidi ya miaka ishirini, na wewe umelala Busisi mahali ambapo barua haifiki. Daktari amemweleza mwanangu mambo ambayo mwanangu ameshindwa kuniambia. Naona anavyonifunika shuka polepole mno, nami naelewa. Kwa hiyo naandika kidogo asubuhi, napumzika, naandika kidogo tena. Sina nguvu ya kupamba maneno.

Mjukuu wangu Limi ndiye aliyenichokoza bila kujua. Ni mjukuu wa dada yako Kabula, kwa hiyo ni mjukuu wako pia, ingawa hakukuona. Kazi yake ni kutengeneza programu za simu. Sasa hivi anaandika moja ya kumsaidia mkulima kupima shamba lake: mtu anaishika simu mkononi, analizunguka shamba hadi pale alipoanzia, na simu inamwambia ukubwa wake. Juzi alikuja hapa Buzuruga akaniamkia, nikaitikia, akakaa chini amechoka. Akanieleza kwamba ameuzunguka uwanja wetu mara kumi, kila mara anarudi kwenye mlango ule ule, na kila mara simu inamwambia yuko kwa jirani.

Nikamuuliza inampeleka upande gani.

"Kusini magharibi, babu."

"Kila mara?"

"Kila mara. Haijawahi kunipeleka kaskazini hata kwa bahati mbaya."

Nilifumba macho, shemeji. Nikamwambia aangalie namna anavyokata desimali, hasa pale hatua inapokuwa ya kutoa badala ya kujumlisha. Haikuchukua hata muda wa chai kupoa, akacheka, akasema amelipata kosa. Kisha akauliza, "Babu, wewe umejuaje?" Nikamwambia nimechoka, nataka kulala. Sikulala.

Nilijua kwa sababu wewe uliniambia.

Unakumbuka njia ya kwenda Kigongo, miaka ile maji ya bomba yalipokuwa ahadi kwa vijiji vya kando ya ziwa. Mimi mpima, wewe mshika rula. Nilikuwa nachungulia kwenye darubini nikikuona umesimama juani, rula ndefu ya mbao imekuzidi urefu mara mbili, unaiyumbisha taratibu mbele na nyuma ili nisome pale iliposimama wima kabisa. Hakuna aliyekufundisha hilo. Darasa la saba lako lilitosha, na macho yako yalitosha zaidi. Kabla ya kuisimamisha rula uliiweka ile sahani ya chuma chini, ukaikanyaga mara tatu kwa kisigino, ukaiambia, "Lala hapo." Hukumruhusu mtu kuiruka wala kuisogelea, hata mkuu wa ofisi alipokuja na viatu vyake vya kung'aa. Ulimwambia azunguke, naye akazunguka.

Kazini uliniita bwana mpima, nyumbani uliniita shemeji. Ulitenganisha hivyo kwa makusudi, watu wasiseme nimekuajiri kwa sababu ya dada yako. Mchana tulikula michembe ya viazi vikavu na karanga tukiliangalia ziwa, na jioni tulirudi kwa mguu tukipima tena njia ile ile hadi kwenye alama ya zege tuliyoanzia asubuhi. Ndiyo desturi ya kazi yetu: ukiondoka kwenye alama na kurudi kwenye alama, hesabu lazima irudi sifuri, au karibu sana na sifuri; huko ndiko kufunga. Hesabu za kupanda na kushuka nilizifanya mwenyewe kwa penseli, na kwa miaka tulifunga vizuri.

Kisha ikaja ile kompyuta ya mkononi. Mtaalamu wa kigeni aliniachia alipokuwa anaondoka, ukubwa wake kama simu hizi za leo, kioo chake kinaonyesha mstari mmoja tu. Niliipenda kuliko ilivyostahili. Niliiandikia programu mwenyewe, wiki nzima, na kwa kuwa kumbukumbu yake ilikuwa ndogo, niliiamuru itunze sentimita tu na kutupa milimita. Nikaacha penseli. Kitabuni nikawa naandika namba nilizosoma kwenye rula, basi. Kujumlisha nikaiachia mashine. Wewe ulinitania kwamba huyo mtoto wangu wa kuletewa anakula betri kuliko sisi tunavyokula michembe.

Tangu siku ya kwanza hatukufunga. Jioni tulirudi kwenye alama, na mashine ikasema alama imeshuka chini kwa zaidi ya kimo cha kiganja. Kesho yake hivyo hivyo. Wiki nzima hivyo hivyo. Mimi nilisema mashine haikosei, na kama mashine haikosei na macho yangu ni mazima, basi anayebaki ni mshika rula. Nikakuuliza mbele ya wabeba vyombo kama sahani ilisogea. Uliiegemeza rula begani kwanza. Halafu ukasema maneno ambayo nimeyabeba hadi kitanda hiki:

"Bwana mpima, mkono ukitetemeka hutetemeka huku na huku. Siku moja tungekosea juu, siku nyingine chini. Hili linashuka tu. Hili si la mkono."

Wabeba vyombo wakanitazama. Mimi niliyesoma chuo kikuu nilikuwa nafundishwa hesabu barabarani na shemeji yangu, na badala ya kusikiliza nikasikia aibu. Nikakuuliza Jumapili ulikunywa wapi.

Ule ulikuwa wakati wa kupunguza watu kazini. Karatasi ya majina ilibandikwa ubaoni, na walioisoma waliondoka bila kuaga. Mkuu wa ofisi aliniita, akataka jina moja kutoka kundi langu, akataka na sababu. Wote mle ndani walijua wewe ni shemeji yangu. Nilitaka waone kwamba sipendelei. Niliandika kwa mkono wangu, mstari mmoja: mshika rula si makini na hutumia kilevi kazini. Kazini hukuwahi kunywa hata tone. Nililijua hilo kabla wino haujakauka.

Wiki tatu baadaye nilikuwa Kigongo na mshika rula mpya aliyetolewa kundi jingine, tunasubiri kivuko, na mashine ilikuwa imeshusha tena, kimo kile kile cha kiganja. Sauti yako ikanirudia. Nikafungua kitabu, nikachukua penseli, nikajumlisha siku nzima na milimita zake zote. Ikafunga, ikabakiza milimita mbili. Nikafungua kurasa za wiki zako, nikajumlisha moja, nikajumlisha ya pili. Zilifunga zote. Sahani yako haikuwa imesogea hata siku moja.

Kosa lilikuwa langu, tena dogo la kuchekesha. Niliiambia mashine kila penye milimita ishuke hadi sentimita kamili iliyo chini. Ukipanda sentimita kumi na mbili na milimita saba, iliandika umepanda kumi na mbili. Ukishuka kiasi hicho hicho, ilikwenda chini zaidi, ikaandika umeshuka kumi na tatu. Kupanda ilipunja, kushuka ilizidisha. Panda kilima, shuka kilima, unajikuta chini ya pale uliposimama. Nilirekebisha mstari mmoja wa programu kabla kivuko hakijatia nanga.

Kesho yake tulifunga. Mkuu wa ofisi akampongeza yule mpya, akanigeukia akasema, "Umeona? Alikuwa ni yule mlevi wako." Hapo ndipo ningeweza kusema ukweli, Maduhu. Mdomo ulikuwa wangu, na aliyesubiri jibu alikuwa mtu mmoja tu. Nikasema, "Ndiyo, mzee."

Mengine unayajua. Ulirudi Busisi ukafyatua matofali. Pombe uliacha kabisa, hata ya Jumapili, lakini jina la mlevi halikukuacha. Kwenye msiba wa mama yenu, Kabula alisimama mbele ya ukoo mzima akakuambia umemwaibisha kwa mumewe, kwamba nilikupa kazi ya heshima ukaimwaga kwenye kibuyu. Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake. Hukumjibu dada yako. Ulinitazama mimi, ukangoja. Najua ulikuwa unanipa nafasi. Nilitazama mikono yangu. Ukainuka, ukanikaribia, ukasema taratibu, "Pole kwa msiba, bwana mpima."

Nyumbani kwa mama yako, kwenye msiba, bwana mpima. Tangu siku ile hukuniita shemeji tena hadi ulipokufa, na sikuwa na haki ya kuuliza kwa nini.

Kabula naye ametangulia. Alikufa akiamini kaka yake aliiuza kazi kwa pombe. Mara moja, akiwa mgonjwa, aliniuliza kama nilikufanyia ukali kupita kiasi. Nikamjibu kwamba kazi ilikuwa kazi. Labda huko mliko mmeshazungumza, na sasa kila mmoja ananisubiri na swali lake. Sijui niogope la nani zaidi.

Jana nilimwita Limi. Nikamwonyesha vitabu vya njia ya Kigongo, nilivyovificha chini ya nguo za marehemu bibi yake. Nikamweleza yote kama nilivyokueleza hapa. Aliziingiza namba za wiki zako kwenye simu yake, mara ya kwanza kwa namna mashine yangu ilivyokata, mara ya pili kwa namna sahihi. Kisha akasema, "Kwa hiyo babu Maduhu hakuwa mlevi." Nikasema hakuwa. Akaniuliza mjane wako anajua. Nikasema hapana. Aliondoka chumbani, na chai aliyozoea kuniletea jioni aliileta mama yake. Sikumlaumu. Amerithi macho yenu.

Leo asubuhi amerudi. Kasema atakwenda Busisi Jumamosi, na atavichukua vitabu. Nimemwomba aichukue na barua hii, aisome kwa sauti uwanjani kwako, mbele ya mjane wako Mama Nkwimba, watoto wako, na yeyote aliyekuwepo msibani siku ile. Ndiyo maana sikuifunga kwenye bahasha. Nilikuchafua mbele ya watu, nisikusafishe sikioni. Wakitaka kunilaani, Limi amekubali kuniletea laana hizo kama zilivyosemwa.

Mama Nkwimba, shemeji, sikuombi unisamehe. Naomba tu mtu atakapomwita mumeo mlevi, umwonyeshe kitabu.

Maduhu, mkono wangu sasa unatetemeka, kama unavyoona kwenye mwandiko. Unakwenda huku na huku, kama ulivyosema. Uongo wangu haukuwahi kutetemeka. Ulikwenda upande mmoja tu, miaka yote hii.

Sahani yako ililala pale ulipoikanyaga. Aliyesogea ni mimi.

Nikifika, nitasimama mbali kidogo, ningoje utaniitaje.

Mume wa dada yako,
mpima wa njia ya Kigongo.