Nimepunguza miche ya dirishani

Mwenzangu, uko hapo? Nimeaibika mpaka natamani kuhama nyumba.

Unazikumbuka zile trei za mkwe wangu dirishani, vijimboga anavyouza vikiwa na urefu wa kidole? Leo mpishi wa hoteli alikuwa anakuja kuchukua oda ya kwanza.

Basi mimi mtaalamu, niliyelima miaka arobaini, nikaona miche imebanana. Nikasema huyu mtoto hakufundishwa. Nikaing'oa yote! Minyonge nikaitupa, mizuri nikaipanda uani kwa mistari, shubiri kwa shubiri. Na dua nikaiombea, ikue.

Mkwe karudi kutoka dukani. "Mama, mboga ziko wapi?"

"Nimezipa nafasi zinenepe."

"Mama, hizi hazinenepi! Zinakatwa hivyo hivyo changa!"

Zinakatwa changa! Kumbe miaka yote hiyo nilikuwa nachelewa kuvuna.

Mara mpishi huyo, hodi. Mkwe akamwambia, "Samahani kaka, zimeoza. Kosa langu."

Kosa langu! Na mimi mcha Mungu niko nyuma ya pazia, udongo mikononi.

Mpishi akaondoka. Roho ikanisuta, nikamkimbilia hadi getini. "Baba, hazikuoza. Nimeng'oa mimi."

Alivyocheka! Akampa mkwe siku kumi.

Mkwe keshamwaga mbegu upya. Kanikabidhi chupa ya kunyunyizia maji. "Mama, mkono mmoja unyunyizie. Wa pili uweke mfukoni."

Nimeuweka. Nimeutoa sasa hivi tu, kukuandikia wewe.