Baba, Ulipoiacha Asali

Shikamoo, baba.

Nimekaa uani kwetu Ntalikwa, pale ulipokuwa ukianika nta, na nimeona nikuandikie. Najua umelala na hutanijibu. Lakini kuna jambo limempata Masanja, mwanao wa mwisho, na mtu ninayetamani kuzungumza naye ni wewe.

Nakumbuka ulivyokuwa ukirudi kutoka porini msimu wa kurina asali. Baiskeli imelemewa na ndoo, shati linanuka moshi, nami nakimbia kukupokea. Ulinikatia kipande cha sega hata kabla hujanawa. "Tafuna, nta uteme," uliniambia kila mara, kana kwamba nilikuwa sijui. Ulikuwa ukiweka sikio kwenye mzinga wa gome, unasema kama asali iko tayari au isubiriwe, na hukukosea.

Huko porini ndiko mlikokuwa mkinywa wanzuki, ile pombe ya asali, kazi ikiisha. Ilianza kama burudani ya wanaume waliochoka. Kisha ikakufuata nyumbani. Kisha ikawa gongo, na asubuhi mikono yako ikawa haiwezi kushika kikombe cha chai mpaka upate kwanza. Wajomba walisema huna haya. Baba mdogo alisema umerogwa. Mama alikuwekea chakula, akakifunika, na mara nyingi alikikuta vilevile kesho yake.

Uliamua kuacha baada ya posa yangu, siku wageni walipofika ukashindwa kuinuka kuwapokea. Hukumweleza mtu. Uliacha ghafla, peke yako. Haikupita muda jasho likakutoka kama mtu aliyenyeshewa, ukaanza kufukuza nyuki ukutani ambao sisi hatukuwaona, halafu ukaanguka, mwili umekakamaa. Tulikupakia kwenye bajaji, tukakukimbiza hospitali mjini. Njia nzima mama alikishika kichwa chako mapajani, anaita jina lako tu.

Ulipotulia, mnasihi wa pale, mwanamke mmoja mwenye sauti ya chini, alituketisha. Alisema ubongo uliokunywa miaka mingi hujipanga upya ili uweze kuishi na pombe. Ukiunyang'anya pombe ghafla bila dawa, unachachamaa, na mtu anaweza kufa. Akasema kuna sehemu ya ubongo inayotupa raha tunapokula tukiwa na njaa, ili tukumbuke kula tena. Pombe inaiteka sehemu hiyo, inaifundisha kwamba yenyewe ndiyo chakula, yenyewe ndiyo maji. Na ile sehemu inayotusaidia kujizuia inadhoofika. Mama alisikiliza mpaka mwisho, ndipo akauliza, "Kwa hiyo hakuwa anatudharau?"

"Anaumwa, mama," mnasihi akamjibu. "Na wenye ugonjwa huu hupona, ila polepole."

Mama alijifunika uso kwa khanga, akalia. Miaka yote ile sikuwahi kumwona akilia kwa ajili yako.

Ulirudi umekonda, lakini umetulia. Ukawa unakwenda Mtendeni, kwenye kikundi cha watu walioacha kama wewe. Msimu ukafika, ukaleta asali nyumbani, ndoo moja ikachacha, harufu ikajaa chumba. Ulituambia baadaye kwamba kabla hujawaza chochote mate yalikuwa yameshakujaa mdomoni na miguu imeshainuka. Tulikukuta kilabuni. Nilidhani yote yameharibika. Kumbe kesho yake ulivaa shati safi, ukaenda mwenyewe kwa mnasihi, ukamwambia umeanguka na umerudi. Hakukukaripia. Alitaka kujua tu ulikuwa wapi, na ulinusa nini.

Ndipo ukampa baba mdogo mizinga yako yote. Ulisimama mlangoni ukitazama anavyoifunga kwenye mkokoteni. Nilikuuliza kama unaumia.

"Naumia, mwanangu. Lakini asali sasa hivi ikiniita, hainiiti kwa ajili ya utamu wake."

Ukalima karanga na viazi. Siku nyingine ulikuwa mkali bila sababu, siku nyingine ulikaa kimya hadi jua linazama, nasi tukajifunza kukuacha. Kisha kicheko chako kikarudi. Wanangu hawakuwahi kukuona umelewa. Hata ugonjwa wa ini ulipokuchukua, walimzika babu waliyemjua vizuri.

Sasa ni Masanja. Fundi mzuri wa pikipiki, lakini siku hizi bila pombe kali hawezi kushika spana. Wajomba walipokuja kusema amekurithi, afukuzwe, mama aliwaambia kwa upole kwamba hapa hafukuzwi mtu kwa kuumwa. Mimi nikamfuata Masanja gereji. Nilimwomba asiache pombe peke yake, nikamsimulia yaliyokupata, kwa kuwa wakati ule alikuwa mdogo mno. Akaniuliza, "Baba aliogopa?" Nikamwambia uliogopa sana. Akafuta mikono kwa tambara, akasema, "Basi twende."

Amelazwa tangu jana. Jasho linamtoka, lakini dawa anapewa, na mama yuko naye. Wakati wa kumpokea, nesi aliniuliza kama katika familia yetu kuna mwingine aliyewahi kuwa na ugonjwa huu. Nikamjibu, "Baba yetu. Na alipona."

Endelea kupumzika, baba. Mama anakusalimia.

Binti yako mkubwa