Mkaa Ruksa

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua tangu asubuhi. Nimegawa madodoso chuoni mpaka miguu inawaka moto. Utafiti wangu: uelewa wa wanafunzi kuhusu nishati jadidifu. Wote wanajua. Jua, upepo, samadi, wanataja bila kufikiri. Zuhura, mwenzangu wa darasani na wa chumba hapa Tabata, kapata yote. Kamaliza, kaenda barazani kupepea mkaa.

Jumatano, 9 Aprili

Umeme hakuna tena. Baba mwenye nyumba kakataza mitungi ya gesi, eti tutamlipulia nyumba. Mkaa ruksa. Nimemwambia Zuhura tuchange tununue sola ndogo.

"Shoga, sola na maharage wapi na wapi?"

Kacheka peke yake. Nimenuna. Kwenye dodoso sikuuliza mtu anapikia nini.

Ijumaa, 11 Aprili

Msimamizi kasifu matokeo. Uelewa wa juu sana, kasema. Nimerudi nachekacheka kama mjinga.

Mvua inapiga barazani, jiko halipo. Mlango umefungwa, ncha ya kanga imetokeza chini. Kaziba maji yasiingie. Nimegonga. Nimeita. Braza wa chumba cha pili kavunja kitasa. Zuhura kitandani, daftari kifuani. Jiko katikati ya chumba, maharage yanatokota. Moshi hakuna.

Hospitali wamesema tumechelewa. Hewa ya mkaa. Haionekani, hainuki. Tuliisoma wote, tukaifanyia mtihani.

Jumapili, 13 Aprili

Wamemzika jana. Mama yake kawahi kutoka Lindi.

Nina hasira. Na baba mwenye nyumba. Na mvua. Na wewe Zuhura, ulijua! Ulijua kuliko wote!

Na mie sola yangu ya taa. Nyoo!

Kichwa kinauma kwa kulia.

Jumanne, 15 Aprili

Jua limetoka. Mama Zuhura kaja kuchukua vitu vya mwanawe. Nimempa shikamoo. Kakunja nguo moja moja, akinusa. Hajala kitu tangu jana. Kaomba chai ya rangi tu.

Umeme bado. Nimelitoa jiko uani. Lilelile, hatuna jingine. Mkaa umeloa, haushiki. Nimeuwashia madodoso yaliyobaki.

Kauliza karatasi za nini hizo. Nimemwambia za shule tu, mama.

Kaitikia. Kanywa chai yote.