Tanzia ya Mtu Aliye Hai

Yeslam, walimu wa Badria wametoka hapa kwangu sasa hivi. Walikuja kutoa mkono wa tanzia. Tanzia yangu mimi!

Nafungua mlango, mwalimu mkuu ananiuliza, "Nyumba ya marehemu Abdullah ndiyo hii?" Marehemu! Nami nimesimama mbele yake!

Kumbe mwanangu wiki nzima haendi skuli. Amewaambia babake amekufa, nao wakaamini. Simu yangu wanayo, hakuna hata mmoja aliyenipigia! Vyeo wanavyo, haya hawana.

Alikuwa akienda wapi? Hasemi.

Nikamuuliza, "Badria, mbona umeniua, mwanangu?"

Hakulia, Yeslam. Alinitazama tu, akasema, "Ningemtaja nani, baba? Mama wanajua alishakufa."