Wageni wa Kaka Wodini

Shoga, uko? Siamini nilichokiona leo wodini.

Unajua kaka yangu ameuza bia za kampuni ile tangu ujana, na kila baa akiingia lazima anywe na wateja. Leo daktari kamwambia wifi waziwazi: "Ini limekwisha. Ni pombe."

Wifi hajafuta hata machozi, mabosi wa kaka hao! Wamebeba fulana mpya ya kampuni. Fulana, shoga! Wakamvalisha palepale kitandani, juu ya lile tumbo lililojaa maji, wakapiga naye picha.

Wifi akawauliza, "Daktari anasema ni pombe. Nyie mnasemaje?"

Mkubwa wao akajibu, "Mama, sisi siku zote tunawaambia watu wanywe kistaarabu."

Kistaarabu! Na wao ndio waliokuwa wakimtuma akanywe na wateja!

Wifi akaanza kumvua ile fulana. Kaka, macho ya njano, akamshika mkono. "Iache, mke wangu. Umeona? Hawajanisahau."

Basi akaiacha. Akamwekea kola vizuri, akatoka, akaketi sakafuni kwenye korido. Alilia, shoga, mpaka nesi akaja kumwinua.